Katika Silabasi Hakuna Glovu

Siku tuliyomzika Mwalimu Severini walinikalisha mbele kabisa kwa ajili ya umri wangu, kwenye vile viti vya plastiki vya kukodi, wakanipa na chai ya tangawizi, na mimi nikanyamaza. Watu waliokuwepo ni mashahidi kwamba nilinyamaza. Mtoto wa kaka yake akasimama na karatasi, akasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa, kabatizwa, kasoma, kaoa, kafundisha sekondari yetu ya kata mpaka kastaafu. Sawa. Halafu akakohoa, akasoma, "Marehemu alikuwa na kipaji cha kuwafanya watoto waipende sayansi, na miongoni mwa matunda ya mikono yake ni Ndeshi, ambaye leo ni mtaalamu wa maabara." Jamani! Chai ilinipalia. Matunda ya mikono yake! Ndeshi ni mjukuu wangu, kakulia jikoni kwangu hapa hapa Kirua, na mikono ya Mwalimu Severini naijua ilikuwa wapi siku ile ilipotakiwa. Ilikuwa imeshika kikombe changu cha kahawa. Namgeukia Ndeshi pembeni yangu, nakuta analia. "Unalia nini wewe?" "Bibi, alikuwa mwalimu wangu." Nikamwambia haya, futa kamasi. Maiti haisemwi vibaya, hilo nalijua, nimefundishwa kabla ya kuota meno ya pili. Mimi simsemi vibaya. Nasema kilichotokea, na kama kilichotokea ni kibaya, basi hilo si kosa la mdomo wangu.

Ulikuwa mwaka ambao Ndeshi alikuwa fomu foo. Kahawa ilikuwa imeshatutupa, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, na mimi nilikuwa naishi kwa kuuza ndizi na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Jiko langu lilikuwa lile la zamani, la mbao na udongo, giza mchana na usiku, ng'ombe upande mmoja, moto katikati, mapipa ya mbege upande wa pili, na moshi juu umening'inia kama blanketi. Ndeshi alisomea humo humo kwa sababu ndimo mlimokuwa na joto. Anakaa kwenye kigoda, kitabu magotini, ng'ombe anamhemea shingoni, anasoma kwa Kiingereza kwa sauti ya chini. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, nikatolewa nikakate majani ya ng'ombe, lakini masikio yangu hayakutolewa shule. Nikamwuliza, "Hicho unachosoma kinahusu nini?" Akasema, "Sijui, Bibi. Nakariri." Nikamwuliza tena kesho yake. "Nakariri." Wiki nzima anakariri! Mtoto mwenye akili, aliyekuwa akinihesabia chenji kabla mteja hajatoa mkono mfukoni, anakariri kama kasuku. Nikauliza maabara ya shule iko wapi. Akacheka. Maabara ilikuwa na kufuli, na ndani mlikuwa na madawati yaliyovunjika na mahindi ya mkuu wa shule. Mwalimu Severini alikuwa anaingia darasani, anaandika ubao mzima, anafuta, anaandika mwingine, kengele inalia, anatoka na chaki yake. Huyo ndiye mwenye kipaji.

Sasa, Jumamosi nilikuwa nashuka mjini Moshi na mikungu yangu, nauza pale sokoni Mbuyuni. Siku moja walikuja wapagazi wa mlimani kununua ndizi, vijana wawili wamevaa masweta ya wazungu, wanaongea wao kwa wao. Mmoja anasema, "Jana pale internet nimeona video ya moyo wa mtu unavyopiga, damu inaingia huku inatokea huku, mwanangu, ndipo nimeelewa kitu nilichofeli zamani!" Mwenzake akamwambia, "Ungekionaje shuleni, wakati mwalimu mwenyewe alikuwa hajakiona?" Wakacheka, wakaenda zao na ndizi zangu. Mimi sikucheka. Jumamosi iliyofuata nilimshusha Ndeshi mjini, ndizi zilipoisha tukajipangusa, tukaingia internet kafe.

Humo ndani mlikuwa na wazungu waliobabuka pua kwa jua la kileleni, wanaandika barua kwao. Msimamizi alikuwa binti mmoja anaitwa Zuhura, ana kucha ndefu nyekundu. Akatutazama, mimi na kanga yangu yenye utomvu wa migomba. "Shikamoo bibi. Umepotea?" "Marahaba. Sijapotea. Nataka sayansi." "Sayansi gani?" "Ya fomu foo." Zuhura alicheka mpaka wazungu wakageuka, lakini alitupa kiti, na baadaye akatuongezea cha pili, na ndiyo maana mpaka leo namwombea.

Watu wanafikiri kupata kitu kizuri kwenye internet ni kubonyeza tu. Wanakosea! Video ya kwanza aliyoipata Ndeshi ilikuwa ya mzee mmoja kasimama mbele ya ubao anaandika. Nikamwambia, "Huyu si ndiye Severini? Tofauti yake huyu ni mweupe." Ya pili, michoro inazunguka na sauti ya mwanamke kama anaungama dhambi, nikasinzia. Ya tatu, nikasinzia tena. Ndeshi akakata tamaa, akasema basi Bibi, turudi. Nikamwambia tafuta mtu anayecheza. Wako wapi wazungu wanaocheza? Ndipo akampata yule wetu. Kijana wa kizungu, nywele zimesimama kama ndevu za mahindi, koti jeupe lina madoa ya kuungua, anapiga kelele kama mtu anayeuza mitumba. Kachukua yai la kuchemsha, kalimenya, kaliweka mdomoni mwa chupa, katia karatasi ya moto ndani, na chupa ikalimeza yai! Gubu! Nilipiga makofi. Ilikuwa inakwamakwama, sharti usubiri. Mara yule kijana anaganda mdomo wazi, meno nje, tunamkodolea macho mpaka internet impe ruhusa ya kufunga mdomo. Lakini Ndeshi alikuwa ananitafsiria, na kwa mara ya kwanza hakuwa anakariri. Alikuwa ananieleza. Toka siku hiyo tukaweka utaratibu: mimi ndiye kipimo. Nikicheka, Ndeshi anaitazama mpaka mwisho na anaiandika. Nikisinzia, anaifunga. Hatukukosea hata mara moja. Mambo niliyocheka yote aliyakumbuka, na yale ya usingizi alisema hata shuleni hayakumkaa.

Basi ikaja video ya hamira. Yule kijana anatia maji ya vuguvugu kwenye chupa, sukari, hamira, anavalisha puto mdomoni mwa chupa, halafu anaanza kucheza muziki wake wa kijinga huku puto linasimama lenyewe, taratibu, linavimba. Ndeshi akashika mkono wangu. "Bibi! Si ndiyo mbege hii?" Nikamwambia mbege gani ya wazungu hiyo, haina hata gome la msesewe la kuitia uchungu. "Sikiliza, Bibi. Povu la mbege, ile gesi inayokupandia puani, ni hii hii. Mwalimu katuandikia wiki hii. Kumbe ni hii!" Macho yake yalivyowaka siku hiyo, ningeweza kuyaweka kwenye karabai.

Jumatatu nilikuwa nimechanganya uji wa ulezi na ndizi, mbege inaanza kuchemka yenyewe bila moto, tu tu tu tu. Ndeshi akachota akajaza nusu ya chupa ya soda. Puto hatuna, kijijini maputo yanakuja na Krismasi. Lakini bwana mifugo alikuja kumzalisha ng'ombe wetu mwezi ule, akasahau jozi ya glovu za mpira darini kwangu, zile nyembamba, rangi ya maziwa. Ndeshi akaivalisha moja kwenye mdomo wa chupa, akaifunga na uzi wa katani, akaiweka kando ya majivu ya moto. Tukaenda mtoni kukata majani. Ni kazi ya kawaida, hakuna aliyefikiri kitu.

Tukiwa huko mtoni, jirani yangu Mama Prisca akaingia jikoni kuomba kaa la moto. Mtoeni juani, mtieni kwenye giza na moshi, halafu mwonyesheni kando ya pipa la mbege mkono mweupe, umesimama wima kutoka ardhini, vidole vyote vimenyooka, unatikisika kidogo kidogo. Ukunga alioupiga tuliusikia mtoni. Tulipofika mbio tukidhani nyumba inaungua, yeye alikuwa ameshapita kwa watu kibao, kiatu kimoja mguuni. "Mama Aloyce ana mkono wa maiti! Anakorogea mbege!"

Mimi! Mbege yangu, ambayo imeozesha watu hapa, imebatiza, imesuluhisha mashamba! Jioni wateja wangu walipita barabarani wamegeuza shingo upande wa pili kama vile nyumba yangu imehama. Mbege haisubiri mtu. Kesho yake ilikuwa siki, nikawamwagia nguruwe. Kwenye jumuiya Jumapili wakaomba kwa ajili ya "wale waliofungwa na nguvu za giza," macho wamefumba, lakini kila pua imenielekea mimi. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote, "Utusikie!" Mimi mwenyewe nilimwonyesha Mama Prisca ile glovu. Akarudi nyuma hatua. "Unaona? Umeukausha!" Nikamwambia, "Mama Prisca, ni mpira wa bwana mifugo." "Mpira unasimama wenyewe?"

Hayo yote ningeyameza. Lakini habari zilishuka mjini, zikamfikia mwanangu Aloyce, baba yake Ndeshi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Soweto, na akapanda na gari lake, uso kama wa hakimu. Akasema mtoto hawezi kukaa kwenye nyumba inayosemwa hivi. Atamshusha Soweto, akae dukani mpaka maneno yapoe. "Na mtihani?" nikamwuliza. "Mama, mtihani wa kidato cha nne unafanyika kila mwaka." Nilitaka kumkumbusha ni mimi niliyemnyonyesha. Ndeshi alikuwa ameandikishwa shule yetu, mtihani uko mbele ya pua yake, akiondoka pale anakuwa mtoro, jina linafutwa, na binti akishazoea kuuza misumari nani tena atamrudisha darasani? Nimewaona wengi. Wanaambiwa "subiri mwakani," na mwakani wana mimba au wana mizani ya kupimia saruji. Aloyce akasema si yeye anayeamua, ataitisha ukoo. Nikamwambia uite. Uite hata mapadri.

Wakaja siku ya tatu, mchana, sebuleni kwangu. Mwezi wa saba, baridi imekaa kwenye mifupa, wazee na makoti yao mazito, harufu ya ugoro na sufu iliyolowa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ludoviko, kaka wa marehemu mume wangu, mtu aliyependa mbege yangu kuliko dawa zake za presha. Mama Prisca aliitwa kama shahidi. Na kwa kuwa jambo linahusu shule, wakamwalika na msomi: Mwalimu Severini. Nilifurahi! Nilimpa kikombe kizuri, kile chenye maua. Nikajiambia sasa tumepona, huyu atasema neno moja tu, twende tukapike. Ndeshi alisimama mlangoni, maana binti haketi kwenye kikao cha ukoo, wala haongei.

Mama Prisca akasimulia, na mkono ukawa na kucha. Mimi nikasimulia. Wazee wakaguna. Ndipo Mzee Ludoviko akamgeukia yule msomi. "Mwalimu, wewe ndiye unayemfundisha. Hii habari ya chupa na mkono kuvimba, ipo kwenye masomo, au tumedanganywa?"

Ndeshi alimtazama mwalimu wake kama mtu anavyomtazama mwenye funguo. Na yule bwana, ambaye majuzi tu aliandika ubaoni habari za hamira na gesi yake, na Ndeshi alikuwa nazo kwenye daftari neno kwa neno, akatazama kikombe changu. Akamtazama Aloyce, mtu wa mjini mwenye gari. Akamtazama Mama Prisca, ambaye mume wake alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Akapuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa. Akasema, "Wazee wangu, katika silabasi hakuna glovu."

Katika silabasi hakuna glovu! Mpaka leo naikumbuka sauti yake ile ya taratibu, ya kisomi. Hakusema uongo, mnaona? Aliuchagua ukweli mdogo kabisa akajificha nyuma yake, mtu mzima, akamwacha mtoto nje kwenye mvua. Laiti angekuwa hajui! Asiyejua unamsamehe, mimi mwenyewe sijui mengi. Lakini yeye alijua.

"Basi imekwisha," Aloyce akasema, akainuka. "Ndeshi, chukua nguo zako."

Nikasimama mlangoni. Nikawaambia hakuna anayetoka humu. Mmekuja kuuona mkono, mtauona. Glovu ya pili ilikuwepo, na pipa jipya lilikuwa linachemka, kwa sababu wateja wasusie wasisusie, mimi siku yangu ya kupika haipiti bure. Nikachota mbele yao, nikavalisha, nikafunga, nikaiweka chupa katikati ya meza juu ya kitambaa cha kudarizi. Tukakaa tunaitazama. Glovu ikalala kama ulimi wa ng'ombe mgonjwa. Tukakaa. Mzee mmoja akapiga chafya. Glovu imelala. Mama Prisca akasema polepole, kwa utamu, "Labda unataka giza." Aloyce akatazama saa yake. Mimi jasho linanitoka na baridi ile, nasali rozari kimoyomoyo na nayaruka mafumbo.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Babu, naomba kusema." Wazee wakageuka kama kiti ndicho kimeongea. Mzee Ludoviko akasita, kisha akasema sema. "Gesi inataka joto. Hapa mezani ni baridi, hamira imelala. Jikoni ilikuwa kando ya moto." Hakungoja aruhusiwe tena. Akaichukua chupa, na wazee wote, na makoti yao, na fimbo zao, wakamfuata jikoni wakijikwaa kwenye kizingiti. Akaifukia nusu kwenye majivu ya moto, akachuchumaa pembeni, akaanza kuwaeleza: kilichomo kwenye ndizi, kilichomo kwenye ulezi, wadudu wadogo wasioonekana wanavyokula sukari na kupumua. Alieleza kwa Kiswahili, bila daftari, akichezesha mikono kama yule kijana wa nywele za mahindi. Akiwa bado anaongea, kidole gumba kikainuka. Kikaanguka. Kikainuka tena, na cha pili, na kiganja kikajaa, na mkono mzima ukasimama mbele ya ukoo wetu, unatikisika.

Mzee Ludoviko akautazama sana. Akauinamia, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Kicheko kilichopasuka humo ndani kilimfanya ng'ombe aruke na kumwaga ndoo. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. "Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nakunywa pumzi za wadudu?" "Ndiyo, Babu." "Basi ni wadudu wa heri, shemeji, tumiminie!" Nikachota kibuyu kipya, nikanywa mimi kwanza mbele yao, kama mwenye mbege anavyotakiwa, fundo refu, macho kwa Mama Prisca, halafu nikampa Mzee Ludoviko. Akanywa, akajipangusa sharubu, akamwambia Aloyce, "Mtoto anabaki. Wewe rudi dukani." Aloyce hakubisha, hata yeye alikuwa amechuchumaa anaubonyeza ule mkono kwa kidole. Mama Prisca akasema, "Hata hivyo, mkono ni mkono," akaenda zake, na mbege yangu hajainywa mpaka leo, hasara yake. Mwalimu Severini sikumwona anaondoka. Kikombe chenye maua nilikikuta mezani, kimejaa.

Alikuja kesho yake jioni, manyunyu yanaanguka. Nilikuwa uani nafunga kuku. Akasimama kando ya migomba, kofia mkononi, na mkono wa pili ameshika jani la isale. Kwetu huku isale si jani tu. Mtu aliyekukosea akija nalo, humfukuzi, humtukani. Awe amekuulia ng'ombe, awe amekuhamishia mpaka wa shamba, ukiliona isale moyo wako hauna ruhusa tena ya kukasirika. Akalinyoosha. "Mama Aloyce, nimekuja kwa unyenyekevu."

Nililitazama lile jani, bichi, limekatwa vizuri, maji yanadondoka kwenye ncha. Mila ni mila, na mimi si mtu wa kukanyaga mila. Nikamwambia, "Mwalimu, isale linapelekwa kwa uliyemkosea. Mimi hukunikosea, mimi umenipozea kahawa tu. Uliyemkosea yuko jikoni anasoma. Mpelekee."

Alishtuka kama nimemwambia avue viatu atembee kwa magoti. "Mama, nitampelekeaje mtoto isale? Mimi ni mwalimu wake."

"Ndiyo maana."

Tulisikia sauti ya Ndeshi kutoka ndani, anamweleza ng'ombe kitu fulani kuhusu damu na moyo, hatua kwa hatua, kwa upole, kama vile ng'ombe naye ana mtihani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Mwalimu aliutazama. Alihamisha jani mkono mmoja hadi mwingine. Mvua ikaongezeka. Mimi sikumharakisha, nilifunga kuku wangu wote, nikahakikisha kamba, nikamwachia nafasi yote ambayo mtu anaweza kuhitaji. Kisha akavaa kofia yake, akageuka, akashuka njia ya kwake, na isale lake ameliegemeza kifuani kulikinga na mvua.

Niliingia ndani nikapangusa miguu. Ndeshi akainua kichwa. "Bibi, nimesikia sauti ya Mwalimu. Alitaka nini?"

"Alitaka mbege," nikamwambia. "Nimemwambia imeisha."